Mtoto Akiwa na Maneno, Hutetea

Mzazi akisikia kwamba darasani kwangu tunazungumza na watoto wa miaka 4 na 5 habari za ulemavu, rangi ya ngozi, kigugumizi na lugha ambazo wengine hawazijui, huniuliza swali ambalo nimeshalizoea: "Mwalimu, huoni tunawafungua macho mapema mno? Watoto hawana ubaguzi. Tuwaache tu." Namwelewa. Anampenda mwanawe na anatamani abaki na moyo wake ulivyo. Lakini nimefundisha darasa la awali miaka mingi, nimekaa na watoto hawa sakafuni, mchangani na kwenye foleni ya kunawa mikono, na nasema bila wasiwasi kwamba macho yao yalifunguka zamani. Wanaona kila kitu. Wanachokosa ni maneno ya kusemea wanachokiona, na mtu mzima asiyeshtuka wakiyasema.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowaonyesha watoto wachanga picha za nyuso za watu wa rangi mbalimbali. Waliotoka kuzaliwa hawakuonyesha kuupendelea uso wowote. Wa miezi 3 walikuwa tayari wanazitazama kwa muda mrefu zaidi nyuso za watu wa rangi yao. Hapo hakuna chuki, ni mazoea tu: mtoto huganda kwenye anachokijua. Ila juu ya mazoea hayo huja kujengwa mengine. Kenneth na Mamie Clark, mke na mume wanasaikolojia, Wamarekani weusi, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Kazi hiyo ya miaka ya 1940 ilitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza shule za umma za Marekani kuwatenga watoto kwa rangi. Kila nikiikumbuka huniuma upya, kwa sababu watoto wale hawakukalishwa chini wakafundishwa kujidharau. Waliokota wenyewe, kidogo kidogo, kwenye mambo ambayo wakubwa waliyafanya bila kuyaeleza.

Na nimeona mtoto anavyookota. Siku moja jioni, wakati wa kuchukua watoto, babu mmoja alikuja kumfuata mjukuu wake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mtoto mwingine akauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: "Mama, mbona yule babu ana mguu mmoja?" Mama yake akamkaba mkono, akamvuta nyuma ya mgongo wake: "Shh! Tabia gani hiyo?" Mtoto hakuuliza tena, ila alichungulia kutoka nyuma ya sketi, na uso uliokuwa na udadisi sasa ulikuwa na woga. Kwa sekunde chache tu alishajifunza kwamba mguu uliokatika ni jambo la aibu, na kwamba mwenye nao hasogelewi.

Nilichuchumaa nikamjibu: "Umeona vizuri. Babu ana mguu mmoja, na kile kiti kinampeleka anakotaka. Unataka kumwamkia?" Akaenda. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Babu mwenyewe, ambaye bila shaka alisikia kila kitu, akamwonyesha breki inavyoshikwa. Basi, mguu ukasahaulika hapo hapo. Maswali yote yaliyofuata yalikuwa ya breki, magurudumu, na kama kiti kinaweza kushinda baiskeli.

Jibu fupi, la kweli, kwa sauti ya kawaida. Mtoto wa umri huu hahitaji zaidi. Yapo mambo mawili ninayoongeza nikizungumza na wazazi. Kwanza, mwenye ulemavu hana deni la kumweleza mtoto wako mwili wake. Babu yule alipenda, mwingine hatapenda, na mtoto afundishwe kwamba "sitaki kulizungumzia" ni jibu kamili. Pili, huruma ya kupindukia nayo ni sumu. "Maskini, mwone mwenzako, hawezi kukimbia" ni maneno ya mtu mwenye nia njema, lakini mtoto huondoka na picha ya mtu wa kuonewa huruma, na anayeonewa huruma kila siku hachaguliwi kuwa nahodha wa timu.

Wengine hudhani kazi inaisha kwa kuwachanganya watoto chumba kimoja. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alifanya jaribio lake maarufu mwaka 1954 katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani: wavulana waligawanywa makundi mawili, wakashindanishwa, na muda si mrefu wakawa maadui wa kweli. Alipojaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha pamoja na kuwaonyesha filamu pamoja, walirushiana chakula. Uadui ulipungua pale walipopata matatizo ambayo kundi moja peke yake lisingeyaweza, kama maji ya kambi kukatika na lori la chakula kukwama. Nimeishika sana habari hiyo. Darasani nikitaka watoto wawili wanaokwepana wazoeane, siwahubirii upendo. Nawapa meza nzito waihamishe, au picha ya vipande ambayo nusu ya vipande anavyo huyu na nusu anavyo yule.

Na tujichunge sisi walimu. Mwanasaikolojia Rebecca Bigler na wenzake waliwahi kuwavalisha watoto wa shule fulana za bluu na za njano. Pale walimu walipozitumia rangi hizo kupanga darasa, "bluu kaeni huku, njano simameni," watoto walianza kuliona kundi lao kuwa bora. Pale walimu walipozipuuza rangi, upendeleo huo haukujengeka vile. Fulana tu! Kwa hiyo kwangu hakuna mstari wa wavulana na mstari wa wasichana, wala meza ya wanaojua kusoma na meza ya wasiojua. Tunapanga mstari kwa herufi ya jina, kesho kwa mwezi wa kuzaliwa, keshokutwa kwa waliovaa viatu vya kamba. Kila siku mtoto anajikuta kundi moja na mtu ambaye jana alikuwa upande wa pili.

Hayo yote ni ya watoto kukubaliana wao kwa wao. Kutetea ni jambo jingine na ni gumu zaidi. Mtoto anaweza kumpenda sana mwenzake asiyesikia vizuri na bado akanyamaza anapochekwa. Wazazi huumia wakilisikia hili, hudhani mtoto wao ni mwoga au hana utu. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wa shule ya msingi wakiwa uwanjani, kwa kamera na vinasa sauti. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu walikuwapo watoto wengine wakishuhudia. Waliingilia katika asilimia 19 tu. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10! Hiyo namba ndiyo iliyonifanya niifikirie upya kazi yangu yote. Mtoto hatakiwi kuwa shujaa wa saa nzima. Anatakiwa kuthubutu kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Mbona basi hathubutu? Jibu moja lipo kwenye majaribio ya wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley ya mwaka 1968, ambayo yalikuwa na watu wazima wala si watoto. Watu walikuwa chumbani wakijaza fomu, moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, robo tatu walitoka kwenda kutoa taarifa. Walipokaa watatu watatu, ni asilimia 38 tu ya makundi yaliyotoa taarifa. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona mwenzake ametulia, naye akatulia. Ikiwa mtu mzima anakaa na moshi puani akingoja mwingine aanze, tumdai nini mtoto wa miaka 5 ambaye kichwani hana hata sentensi ya kuanzia?

Hiyo sentensi ndiyo tunayoifanyia mazoezi. Nina vikaragosi viwili vya soksi, kimoja cha kahawia na kimoja cha kijani. Kimoja kinamwiga mwenzake anavyotembea, na watoto wanapaswa kukiambia kitu. Mwanzoni hupiga kelele wote kwa pamoja, au hucheka, au mmoja huja kukikaba kikaragosi koo. Tunarudia. Maneno yenyewe ni machache na wameyachagua wenyewe kwa vinywa vyao: "Acha, hapendi." "Mwache amalize." "Njoo ukae na mimi." "Twende kwa mwalimu." Tunayasema tukiwa tumesimama, miguu imekaa imara, bila kufoka na bila kunong'ona. Tunayasema tena keshoyake, na tena wiki ijayo, kwa sababu maneno yaliyosemwa mara moja hayatoki siku mtoto anapoogopa.

Nitaeleza yaliyotokea na "mwache amalize." Tulikuwa na mvulana mwenye kigugumizi. Kigugumizi huanza kwa wengi kati ya miaka 2 na 5. Wengi wao hukiacha njiani, na kwa watu wazima hubaki kwa takriban mmoja katika mia. Hakina uhusiano na akili. Kummalizia mtu neno, hata kwa nia njema, hakumsaidii. Anachohitaji ni muda na uso wa mtu anayesikiliza. Watoto tuliwaambia hivyo hivyo, mbele yake, baada ya yeye na mama yake kukubali: "Maneno yake mengine hukwama mlangoni. Yatatoka. Tunangoja."

Asubuhi moja kwenye duara zamu yake ya kusimulia ilifika. Alikwama kwenye "p". Kisigino cha kulia kilianza kunyanyuka na kushuka, kidevu kikaenda mbele, "p-p-p-p", na mtoto aliyekaa mkabala naye akaanza kuiga, "p-p-p-p", akawatazama wenzake kuona kama watacheka. Wawili wakacheka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi niseme kitu. Kabla sijasema, msichana mmoja mpole, ambaye wiki nyingine hupita sijasikia sauti yake, akasema, "Mwache amalize." Hakumtazama mtu. Alikuwa ameinama anahangaika na kishikizo cha kiatu chake, akasema kama mtu anayetaja siku ya leo, na akaendelea na kiatu. Aliyekuwa anaiga akafunga mdomo. Kukawa kimya, kisha mvulana wetu akamaliza: paka wao amezaa watoto wanne na mmoja hana mkia. Duara zima likalipuka kwa maswali kuhusu yule asiye na mkia.

Sikumsifu msichana yule mbele ya darasa. Wenzangu wengine wangempigia makofi, na sijui mtoto mpole kama yule angefanyaje mara ya pili akijua kwamba kila akisema darasa zima litamgeukia. Nilimwambia baadaye, tukiwa wawili tunapanga vikombe: "Nilikusikia asubuhi. Ulimsaidia." Akaitikia kwa kichwa.

Na sikumwadhibu aliyeiga. Nilimwita, nikamuuliza alitaka nini kitokee. "Wacheke," akasema. Huo ndio ukweli wenyewe: alitaka wenzake wamtazame, na hiyo ni haja halali aliyoitafutia njia mbaya. Wiki iliyofuata nilimpa kazi ya kukisemea kikaragosi cha kijani. Anajua kuchekesha mtoto yule, na sasa anachekesha bila kumpanda mtu mgongoni. Mtoto anayeonea akiaibishwa mbele ya wote hujifunza kuficha, basi.

Wapo walionishauri nifanye zoezi la Jane Elliott, yule mwalimu wa jimbo la Iowa, Marekani, ambaye mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, aligawa darasa lake kwa rangi ya macho na kulifanya kundi moja kuwa duni kwa siku nzima ili watoto waonje ubaguzi. Walikuwa na miaka kama 8. Naheshimu alichokuwa anakitafuta, lakini kwa watoto wa umri wangu nakataa. Mtoto wa miaka 4 akiambiwa na mwalimu wake kwamba yeye ni duni, ataamini, na maelezo ya jioni kwamba lilikuwa zoezi hayatafika alikofika mwalimu asubuhi.

Kutetea pia si lazima kuwe kusimama mbele ya mkubwa kuliko wewe. Mwanasaikolojia Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walieleza mwaka 1996 kwamba uonevu wa darasani una washiriki wengi: anayeonea, anayemsaidia, anayechochea kwa kicheko, anayejitenga kana kwamba haoni, na anayetetea. Programu ya KiVa ya kupambana na uonevu shuleni, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Turku na kusambazwa katika shule za nchi hiyo kuanzia mwaka 2009, imejengwa juu ya wazo hilo: ukiwabadilisha watazamaji, anayeonea anakosa jukwaa. Kwa hiyo watoto wangu wenye aibu nawaambia kwamba kutokucheka ni msaada, kwenda kukaa karibu na aliyechekwa ni msaada, na kumwita mtu mzima ni msaada mkubwa. Mbele ya fimbo, jiwe au mtoto mkubwa anayepiga, kumwita mtu mzima ndiyo njia pekee, na hilo tunalifanyia mazoezi kama mengine. Wanapenda sana pia kisa cha wanafunzi wawili wa sekondari kule Nova Scotia, Kanada, mwaka 2007. Walisikia mvulana mgeni shuleni ametishwa kwa sababu ya kuvaa shati la waridi, wakaenda kununua mashati 50 ya rangi hiyo na kuwagawia wenzao. Hawakumgusa mtu. Kila nikisimulia, kuna mtoto anayetaka kujua pesa walipata wapi.

Hapo inakuja habari ya "kushtaki." Mtoto anakuja mbio: "Mwalimu, fulani amemwambia fulani asicheze!" Umechoka, una watoto wengine wanalia, na jibu la haraka ni "Nenda kacheze, acha kushtakishtaki." Mtoto akijibiwa hivyo mara kadhaa hatarudi, na siku atakapokuwa ameona jambo zito kweli, tutashangaa kwa nini alinyamaza. Mimi huuliza: "Unataka aadhibiwe, au unataka mwenzako asaidiwe?" Mtoto wa miaka 5 analijibu swali hilo bila taabu. Akisema asaidiwe, tunakwenda pamoja. Akisema aadhibiwe, tunazungumza ametendewa nini yeye mwenyewe, maana mara nyingi lipo jambo alilotendewa.

Sehemu ambayo bado inanisumbua ni ya sisi watu wazima. Mama mmoja alinifuata akiwa na hasira. Nyumbani walikuwa wamekaa na jamaa, mjomba akawa anamwiga jirani anavyozungumza na watu wanacheka, na mtoto wake akasema, "Mjomba, acha, hapendi." Mezani pakanyamaza. Mjomba akasema mtoto hana adabu, anafundishwa nini huko shuleni. Yule mama aliona aibu na alitaka nimwambie mtoto kwamba maneno yale ni ya kuambiana watoto kwa watoto tu.

Sikuweza kumwambia hivyo. Mtoto akielewa kwamba utu una mipaka ya umri, kwamba mkubwa anaruhusiwa kumdhihaki mtu na mdogo anapaswa kucheka au kunyamaza, nimebomoa kwa siku moja niliyoyajenga mwaka mzima. Na nitasema wazi: mtoto akifundishwa kwamba mtu mzima hakatazwi kitu, atakosa pa kusimama siku mtu mzima atakapomtendea ubaya yeye mwenyewe. Tulichofanya na mama yule ni kumtafutia mtoto namna ya kusema inayobeba heshima: "Mjomba, naomba tusimcheke." Au amwendee mama yake amnong'oneze, na mama aseme kwa niaba yake. Adabu na utetezi vinakaa nyumba moja vizuri kabisa, lakini mtoto anahitaji kuonyeshwa vinavyokaa. Mzigo mkubwa nikaubakiza kwa wakubwa: mtoto akikuambia neno kama hilo, jibu lako liwe "Asante kwa kuniambia," hata kama uso unakuwaka. Mama alisema atazungumza na kaka yake. Alizungumza naye, na haikuwa rahisi. Kwa muda mjomba hakuwa anamwita mtoto yule kwa jina. Mama alisimama na mwanawe muda wote huo.

Jambo la mwisho, ambalo wenye nia njema hulisahau kuliko yote: mtoto aliye tofauti asigeuzwe kuwa wa kutetewa daima. Mvulana wetu wa paka asiye na mkia naye ana sauti, ana hasira zake, huonea mara moja moja kama watoto wote, na hutetea. Muhula uliofuata aliingia mtoto mpya ambaye hakujua lugha yetu hata kidogo, na wachache wakaanza kuigiza maneno yake. Mvulana yule akasimama. "M-m-m-mwache," akasema, na ikachukua muda, na wote wakangoja, kwa sababu kumngoja walikuwa wameshazoea. Sasa tunatafuta maneno ambayo yule mgeni anaweza kuyatumia kujitetea mwenyewe kabla lugha haijakaa, na watoto wameanza kumfundisha "sipendi," kwa kiganja kilichonyooshwa mbele ya kifua. Yeye naye amewafundisha linavyosemwa kwao. Jana nilimsikia yule mpole wa kishikizo cha kiatu akilijaribu neno hilo peke yake, kwenye foleni ya kunawa mikono.